Ardhi Haikumpokea Nefise

Bursa, 6 Novemba 1994

Mpwa wangu Argiris,

Ni miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu tangu nilipopanda treni ya asubuhi pale Gümülcine, mji ambao ninyi Wagiriki mnauita Komotini, kuja huku Uturuki, nikiwa na sanduku moja na cheti cha safari cha kwenda na kurudi. Mwaka wa tatu nikapata karatasi kutoka serikali yenu kwamba nimeondoka bila nia ya kurudi, kwa hiyo mimi si raia tena. Nia yangu sikuwa nimemwambia mtu, waliisoma wenyewe. Sikutajii hesabu hii ili kulalamika. Nataka ujue unamwandikia nani: mzee wa miaka sabini, mwalimu wa zamani, ambaye sasa anajalidi vitabu katika chumba kimoja na anaandika Kigiriki chenu akiwa na kamusi ubavuni.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nayapanga mambo yake hapa ili unisahihishe nikikosea. Mama yako, dada yangu Nefise, ambaye kanisani alibatizwa Fotini ili aolewe na baba yako, alifariki Septemba 1989 kwa maradhi ya tumbo. Mlimzika kwa taratibu zenu. Mwaka huu, miaka mitano ilipotimia, mkamfungua kama mnavyowafungua wafu wenu wote, ili mifupa ioshwe kwa divai na kuwekwa katika nyumba ya mifupa. Hamkukuta mifupa. Mlimkuta yeye: nywele, kucha, ngozi ya uso. Mkamfunika tena. Kasisi Neofitos akawaambia kwamba mwili usioyeyuka ni mwili uliofungwa, na kwamba yupo mtu aliye hai anayemshikia neno. Baba yako Lazaros akataja jina langu.

Simlaumu. Hata mimi ningelitaja.

Kwanza pokea faraja. Alama mnayoiogopa, kwetu husomwa kinyume. Nadhani hakuwaambia kwamba alikuwa hafidh. Baba yetu, Hafidh Rashit, alimfundisha msahafu wote kabla hajatimiza miaka kumi na mitatu. Wavulana wakija kusoma, alimweka nyuma ya pazia, na mvulana akikosea, sauti ya Nefise ilitoka pazia lisitikisike. Watu wetu huamini kwamba ardhi haimli aliyebeba msahafu kifuani. Na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo huhesabiwa pamoja na mashahidi. Kwa hiyo Mwislamu wa kijiji chetu angelichungulia shimo lile angelia kwa furaha. Isipokuwa asingelichungulia. Kwetu kaburi likishafunikwa halifunguliwi mpaka kiama. Hilo ndilo ombi langu la kwanza: acheni kumfungua.

La pili ni radhi yangu. Maiti wetu akiwa amelazwa mbele ya watu, imamu huwauliza kama wamemhalalishia haki zao, nao hujibu mara tatu. Mimi sikuwepo, kwa hiyo najibu kwa karatasi uliyoikuta ndani ya bahasha hii. Msomeeni.

Mjomba wako,
Hilmi

*

Paleovrisi, 27 Novemba 1994

Mjomba Hilmi,

Sijui kama ndivyo unavyotaka kuitwa. Sijawahi kuwa na mjomba. Mama alituambia watu wake wote walikufa, na kwa kuwa hakulia alipolisema hilo, tulidhani ni zamani sana.

Karatasi yako imesomwa. Kasisi Neofitos aliisoma juu ya kaburi Jumapili iliyopita, tukiwepo mimi, baba, na Zisis mchimbaji makaburi. Alipomaliza akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Huyu ni kaka. Kaka anaweza kusamehe deni la kaka. Lakini neno linalofunga mwili namna hii si la kaka, ni la mzazi. Muulize baba yake marehemu alisema nini siku ya kufa. Na aandike kweli, asiandike kwa kutubembeleza."

Basi nakuuliza. Babu alisema nini?

Nikueleze kwa nini nina haraka. Mimi ni mwoka mikate, kama baba kabla yangu. Kila Jumamosi nilikuwa naoka mkate wa madhabahu. Tangu Septemba kanisa linaagiza kijiji cha pili. Juzi Bi Despina, anayenunua kwangu tangu sijaota ndevu, aliuminya mkate mbele ya watu, akauliza, "Argiris, huu ni wa leo, au nao hauozi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaingia chumba cha tanuri nikasimama huko mpaka wakaondoka.

Hayo nayamudu. Baba ndiye simudu. Ana miaka sabini na sita, kifua chake kimekwisha. Anataka mifupa yake iwekwe na ya mama katika sanduku moja, na Kasisi ameshasema aliyefungwa hawekwi na waliofunguliwa. Baba haogopi kufa. Anaogopa kufa kabla yake, ndivyo anavyosema, kana kwamba mama bado.

Unasema alikuwa hafidh. Siku zake tatu za mwisho, mchana kweupe, alikuwa akinong'ona. Hakikuwa Kigiriki. Nilidhani ni homa. Niliandika nilichosikia kwa herufi zetu, nyuma ya mfuko wa unga, sijui kwa nini. Nakuletea mistari mitatu, uniambie ni nini.

Jambo jingine, ambalo sijamwambia Kasisi. Mapema mwezi huu niliweka juu ya kaburi sahani ya ngano ya wafu, ile ya kuchemsha yenye sukari na zabibu. Shomoro huimaliza siku hiyohiyo. Safari hii hawakuigusa. Imekaa siku kumi na tisa, imenyeshewa mvua mbili, na haijachacha. Niliionja. Ilikuwa kama niliyoitoa jikoni asubuhi ile.

Argiris, mwana wa Lazaros

*

Bursa, 18 Desemba 1994

Mpwa wangu Argiris,

Nilisoma mistari yako kwa sauti, silabi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na kabla sijafika mwisho wa mstari wa kwanza mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuumalizia wenyewe. Ni sura tunayowasomea watu wanaokata roho. Jamaa hukaa kitandani wakaisoma. Yeye hakuwa na wa kumsomea, akajisomea.

Hili Kasisi asilijue. Wala mimi sijui la kulifanyia. Sisi tuliotoka upande wenu tuna mkahawa wetu wa chai hapa, na nilipeleka suala bila kutaja jina. Maalim Vehbi alisema papo hapo kwamba mwanamke huyo alitoka katika dini, na aliyetoka hatumsomei wala hatumwombei, mwili wake tunawaachia wenyewe. Nazmi, aliyekuwa karani wa kadhi, alikuwa anakoroga chai.

"Ulikuwepo alipokata roho, Maalim?"

"Sikuwepo. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ndiyo maana mimi nimenyamaza na wewe unaongea."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja akashika kwamba ulimi uliokiri kanisani mbele ya mashahidi huhukumiwa kwa kilichokiriwa. Mwingine akashika kwamba mtu hujulikana kwa pumzi yake ya mwisho na hakuna aliyeipima. Vitabu wanavyosoma ni vilevile. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba kaburi halifunguliwi.

Uliniuliza kuhusu baba. Alifariki Machi 1960. Macho yake yalikuwa yamepofuka miaka miwili kabla. Chumbani nilikuwa mimi peke yangu. Alimtaja Nefise kwa jina, akamwachia radhi. Nimeiandika karatasi nyingine na kutia sahihi, imo ndani. Kasisi aisome, na baada ya hapo mwacheni dada yangu alale.

Mjomba wako,
Hilmi

*

Paleovrisi, 14 Mei 1995

Mjomba,

Hatukumwacha. Baba alikohoa damu wakati wa Kwaresima, akasema hana miaka mingine mitatu ya kungoja, ile ambayo desturi yetu humwongezea asiyeyeyuka. Kasisi alisubiri Pasaka ipite, akasoma karatasi yako ya pili, na Jumatano tukafungua.

Zisis amefukua watu miaka thelathini na ana mizaha yake. Alipofika kwenye ubao alisema, "Haya, Bi Fotini, leo usitutie aibu." Akaunyanyua ubao.

Nakuandikia nilichokiona, sikuongeza kitu. Septemba mama alikuwa chali, uso juu, mikono imekunjwa kifuani juu ya sanamu ndogo ya Mama wa Mungu. Nilimwona mimi, alimwona baba, alimwona Kasisi. Safari hii alikuwa amelala ubavu wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya shavu. Sanamu ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Ngozi, nywele, vyote kama mwanzo.

Hakuna aliyemgusa. Nyasi zilizoota juu tangu vuli zilikuwa na mizizi mirefu kama kidole changu, na Zisis ilimbidi azikate kwa jembe.

Baba alikuwa amekaa juu ya ukuta, hakuona. Zisis akaniambia polepole kwamba tusimwache hivyo, watu wakisikia watadai mambo ambayo hata kuyataja hataki. Kwa hiyo tukamgeuza. Mimi nilimshika mabegani. Alikuwa mwepesi kama mkate mkavu. Tukamlaza chali kama watu wote, tukarudisha sanamu, tukafunika.

Kasisi alifanya ishara ya msalaba. Tulipokuwa tunatoka langoni aliniambia, bila hasira, "Karatasi ya mjomba wako haina kitu ndani."

Argiris

*

Bursa, 25 Mei 1995

Mpwa wangu,

Nijibu kitu kimoja, na usimwulize mtu. Kijiji chenu nilikipitia ujanani: ukisimama mlangoni mwa kanisa dogo la makaburini, upande mmoja kuna miti ya mipopla ya mtoni, na upande mwingine, kama bado limesimama, bomba refu la moshi la kiwanda cha matofali. Alipokuwa amelala ubavu, uso wake ulielekea wapi?

Hilmi

*

Paleovrisi, 6 Juni 1995

Mjomba,

Kwenye bomba. Lingali limesimama, ingawa kiwanda kilifungwa.

Nami sasa nakujibu zaidi ya ulichouliza, kwa sababu barua yako fupi ilinitisha kuliko zile ndefu. Kaburi limechimbwa kuelekea mashariki kama yote. Yeye hakulifuata kaburi. Kichwa kilikuwa kwenye kona moja ya sanduku na miguu kona ya pili, kwa mshazari, na Zisis alisema ni kama mtu aliyepewa kitanda cha mwenzake akajipanga anavyotaka yeye.

Ijumaa nilipeleka mikate mtaa wa juu. Waislamu wa kule wananunua kwangu kama zamani, wao hawana habari na maneno ya Bi Despina. Ilikuwa saa ya swala na mlango wa msikiti ulikuwa wazi kwa joto. Nikasimama na kikapu. Niliona migongo yao, mistari mitatu. Nikageuka kuangalia wanachokiangalia, juu ya mapaa. Wote walikuwa wanaangalia bomba la matofali.

Nina miaka arobaini na miwili. Nimepita mbele ya mlango ule labda mara elfu tano. Sikuwahi kuangalia wanaelekea wapi.

Na mimi nilimgeuza, mjomba. Alijilaza mwenyewe, sijui kwa nguvu gani, sijui kwa muda gani, na mimi mwanawe nikamshika mabegani nikamgeuza chali.

Kasisi anasema karatasi yako haina kitu. Sema kweli. Babu alisema nini?

Argiris

*

Bursa, 30 Juni 1995

Argiris,

Alisema: "Basi ardhi isimpokee."

Sasa soma yaliyotangulia maneno hayo, usome mpaka mwisho kabla hujairarua.

Mwaka 1951 nilikuwa nimechumbia. Aliitwa Murvet. Wiki ile Nefise alipoondoka na baba yako, watu wa Murvet walinirudishia kitambaa cha uchumba kikiwa kimekunjwa vizuri ndani ya trei, bila neno lolote, na trei ikaletwa na mtoto. Nyumba ambayo msichana mmoja ametoka hivyo haipelekewi msichana mwingine. Sikuoa tena. Sisemi hili ni kisingizio. Nasema ndilo lililokuwa kifuani mwangu miaka tisa yote.

Baba hakumlaani. Ndivyo watu walivyodhani, kwa sababu hakumtaja, lakini kila Ijumaa alibaki msikitini baada ya wengine kutoka, na mimi niliyekuwa nikimshika mkono kumrudisha nyumbani nilijua anabaki kwa ajili ya nani.

Machi 1960, alipokwisha kulazwa na hakuna aliyemtegemea kuinuka, muuza jibini alileta barua. Ilikuwa ya Nefise. Alikuwa amesikia. Baba haoni, msomaji ni mimi. Aliandika hivi, naijua kwa moyo: "Baba, sikuacha ulichonifundisha. Nakisoma kila siku nikikanda unga, kwa sauti ambayo hapa hakuna anayeisikia. Naomba radhi yako. Sina jingine ninaloomba."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikasoma. Nilisoma kwamba anamshukuru Mungu aliyemtoa katika giza la nyumba hii. Nilisoma kwamba wanawe hawajui jina la babu yao na hawatalijua. Nilisoma kwamba radhi yake haimfai kitu. Yalitoka mdomoni kwa mpangilio mzuri kama niliyekuwa nimeyaandika mapema, na labda nilikuwa nimeyaandika, miaka tisa.

Baba akauliza, "Ameandika hivyo?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Na mara ya pili, Argiris, niliongeza.

Ndipo akasema alichosema. Akageuza uso ukutani. Alikufa siku ya tatu, na barua ya dada yangu ilikuwa imekwisha kuwa majivu ndani ya jiko. Mwaka uliofuata nikaondoka.

Kila mwaka nilijiambia laana ilikuwa ya baba. Ulipoandika mara ya kwanza niliona nafasi ya kuificha chini ya ukurasa mzuri kuhusu mahafidh na mashahidi. Kasisi wako anajua kusoma karatasi kuliko mimi.

Msomee haya juu ya kaburi. Asomewe yeye, si mimi.

Hilmi

*

Paleovrisi, 22 Oktoba 1995

Mjomba Hilmi,

Barua yako ilikaa mwezi mzima katika droo ya ndani, chini ya vitambaa vya kufunikia unga. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikikanda alfajiri najikuta nimesimama, nasikiliza kama kuna sauti ambayo hapa hakuna aliyewahi kuisikia. Miaka yote ile alikuwa kando yangu kwenye meza hiyohiyo, midomo inatembea, na mimi nilidhani anahesabu mikate.

Mwishoni nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atakutukana. Akasema, "Ningelijua kwamba anaomba radhi, ningelimpeleka kwa baba yake kwa mkokoteni, hata wangenipiga." Hilo tu.

Kasisi alikataa kuisoma. Alisema haiwezekani yeye asome juu ya kaburi la mbatizwa kwamba mbatizwa hakuwahi kuacha. Nikamwambia basi nitasoma mimi, na nilishuka mpaka kwenye ubao, nikaisoma nimechuchumaa, kwa sauti ya kawaida ya kuongea na mama, kwanza ya kwako, halafu maneno yake mwenyewe mara tatu. Hiyo ilikuwa Agosti. Tukafunika bila kuangalia.

Tulifungua Alhamisi wiki iliyopita.

Mifupa, mjomba. Safi, rangi ya nta ya nyuki, ile rangi ambayo wazee wetu wanaitaka. Zisis alivua kofia. Na yote ilikuwa imelala ubavu wa kulia, kwa mshazari, kuelekea bomba. Tulimlaza chali mwezi wa Mei kwa mikono yetu, na alikuwa amerudi.

Kasisi alikuwa ameleta chupa ya divai. Nikamwambia naomba aoshwe kwa maji, na aachwe palepale alipo, alivyo.

"Argiris, unaniomba nivunje desturi."

"Sikuombi uvunje, Baba. Nakuomba uangalie upande ule kidogo."

Kisha akageuka, akaangalia mipopla, na akaiangalia kwa muda wote uliohitajika. Zisis alinipa maji kwa ndoo. Nilimwosha bila kumhamisha. Tukafunika. Msalaba wenye jina la Fotini uko kichwani kama zamani, na katika nyumba ya mifupa kuna sanduku lenye jina lilelile, halina kitu. Baba anajua. Anasema atatosha humo peke yake, na yeye atakuwa jirani tu.

Kanisa limeagiza mkate tena. Bi Despina alinunua miwili na hakuiminya.

Kasisi alisema jambo jingine, juu yako, kuhusu lile neno la babu na mahali lilipo sasa. Sitaliandika.

Unaniuliza kama nimekusamehe? Hukuuliza, nimeona. Sijui ningelijibu nini. Lakini baba anasema hivi: "Mwambie shemeji aje tunywe kahawa, mimi na yeye tumebaki wawili." Siku hizi viza inapatikana, mtu wa mabasi amenihakikishia. Na ikiwa kwa umri wako lolote litakutokea ukiwa kwetu, usiwe na wasiwasi. Kando ya mama pana nafasi, nimekwisha kuzungumza na Zisis. Tutakuangalia kama tulivyomwangalia yeye.

Mpwa wako,
Argiris

*

Bursa, 12 Novemba 1995

Mpwa wangu Argiris,

Jambo ambalo hukuliandika nimeambiwa na Maalim Vehbi. Nilimpelekea kisa kizima kama cha mtu mwingine, wa kijiji kingine. Nilitegemea atabishana na Nazmi kama kawaida. Hawakubishana. Maalim alisema, "Mzee yule hakumwombea bintiye mabaya. Alimwombea mabaya yule aliyesema maneno aliyoyasikia. Na aliyeyasema alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda." Nazmi akaitikia kwa kichwa, akaniagizia chai nyingine. Sidhani kama walijua. Naona Kasisi wako na maalim wetu, ambao hawakubaliani hata mtu alazwe kwa ubavu gani, kwa hili wamekutana.

Ningelichukulia kama maneno ya mkahawani, lakini mvua zimeanza hapa. Nyuma ya jengo letu kuna bustani ya udongo mwekundu unaonata, na kila siku wapangaji wanagombana kuhusu matope ya ngazini. Mwanamke wa chini alinisifu mbele ya wote kwamba mzee peke yake ndiye anayefuta viatu. Sijafuta viatu, Argiris. Nilishuka Jumanne, nikasimama katikati ya bustani, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, nikainua mguu. Soli ilikuwa kavu. Nikaangalia chini, na pale niliposimama hapakuwa na alama. Nyayo za paka zilikuwepo.

Juzi nilichukua udongo kwa kiganja nikaufumba. Nilipofumbua, ulikuwa umeanguka wote, mpaka uliokuwa kwenye mistari ya mkono.

Siogopi kama unavyofikiri. Nefise alikaa miaka sita hivyo kwa uongo wangu, na hakuwa na kosa. Nimefurahi kwamba amelala alivyotaka, na kwamba aliyemwosha ni wewe. Mwambie Lazaros kwamba shemeji yake amepokea mwaliko, na kwamba tangu mwaka 1951 hajaalikwa mahali popote kwa neno zuri kuliko hilo. Ile kahawa ainywe na wewe.

Lakini nafasi ile kando yake mpe mtu mwingine. Kwenu, miaka mitano ikitimia, Zisis au mtoto wa Zisis atanyanyua ubao, na wewe utakuwa umesimama pale, na utaona. Umekwisha kuona ya kutosha. Nimejiandikisha katika makaburi ya hapa, mteremkoni. Sheria yetu inakataza kaburi kufunguliwa, na katika sheria zote nilizofundishwa hiyo ndiyo ninayoishukuru sasa. Watanifunika, watatoka, na hakuna atakayejua kilichotokea chini.

Sitarudi.

Mjomba wako,
Hilmi